BBC Micro ya mwaloni: kipi kiachwe, kipi kibadilishwe

Kisa hiki kinahusu kompyuta moja, flopi 14 na watu watatu waliotofautiana kwa nia njema. Majina ya watu, ya taasisi na ya mwalo (mahali samaki wanapopokelewa kutoka kwenye mitumbwi) yameondolewa, na namba ya mali iliyoandikwa kwenye mfuniko haitajwi. Vipimo ni vile vilivyoandikwa kwenye daftari la kazi siku vilipochukuliwa.

## Usuli

Taasisi moja ya mafunzo kando ya ziwa, Mwanza, ilipokuwa inahamisha stoo ilikuta BBC Micro Model B, draivu moja ya flopi za inchi 5¼ yenye traki 40 (njia za duara zinazobeba data), na boksi la flopi. Hakukuwa na skrini wala kitabu cha maelekezo.

BBC Micro ilitengenezwa na Acorn ya Cambridge, Uingereza, ikaanza kuuzwa mwishoni mwa 1981 kwa ajili ya mpango wa BBC wa kufundisha umma kompyuta. Ina prosesa 6502A ya megahezi 2, RAM ya kilobaiti 32 na ROM, yaani chipu za kumbukumbu ya kudumu, ya kilobaiti 32. Huko kwao ni kompyuta ya darasani na zimebaki nyingi. Kwetu hali ni nyingine. Uingizaji wa kompyuta nchini ulizuiwa 1974, na chache zilizoingia miaka ya 1980 zilipita kwa kibali, mara nyingi zikiwa mali ya mradi. Hii ilikuja kwa njia hiyo, kwa kazi ya kuandika uzito na urefu wa samaki waliopokelewa mwaloni, katika miaka ambayo sangara alikuwa anajaza nyavu na furu wanatoweka. Thamani yake basi iko kwenye plastiki na chipu, na iko pia kwenye namna ilivyotumika hapa. Hilo la pili ndilo lililokuja kusumbua kila uamuzi.

Mwenye mali aliomba mambo mawili: iwake mbele ya wanafunzi, na yaliyomo kwenye flopi yasomwe. Kazi ilishikwa na watatu. Fundi wa elektroniki wa mjini, aliyezoea televisheni na UPS, alipendekeza pawasaplai mpya ya kisasa. Mwalimu wa kompyuta alitaka matumbo yatolewe na Raspberry Pi, kompyuta ndogo ya kisasa ya bodi moja, iwekwe ndani ya boksi lile lile, kwa kuwa wanafunzi wangeona picha ile ile. Mtunza kumbukumbu alitaka kisiguswe kitu chochote cha kiwandani. Kila mmoja alikuwa na hoja, na hakuna aliyepata yote aliyotaka.

## Ilivyokutwa

Boksi la BBC Micro hufunguliwa kwa skrubu nne zilizoandikiwa FIX, mbili nyuma na mbili chini. Mbili za chini zilikuwa na kutu, zikalegea baada ya tone la mafuta mepesi na kusubiri usiku mmoja. Haraka hapa huvunja nguzo za plastiki ambazo nati zake zimo ndani, na nguzo hizo hazina spea.

Ndani kulikuwa na vumbi la kawaida na tabaka la wadudu wa ziwani, wale wanaokuja kama wingu la moshi na kufuata taa usiku. Walikauka chini ya kibodi na juu ya chipu zilizo karibu na matundu ya hewa. Mizoga hiyo si uchafu wa macho tu: hunyonya unyevu, na pale ilipolala juu ya miguu ya chipu, miguu ilikuwa imeliwa zaidi. Iliondolewa kwa brashi laini ya rangi na pua ya kifyonza-vumbi ikishikwa sentimita 10 juu. Hewa ya kupuliza ingeisukuma ndani ya soketi.

Kwenye plagi ya umeme, mahali pa fyuzi palikuwa na karatasi ya ndani ya pakiti ya sigara iliyosokotwa. Iliondolewa siku hiyo hiyo, ikawekwa fyuzi ya ampea 3. Hilo halikujadiliwa.

Kitu cha tatu kilizua mjadala wa siku mbili. Upande wa kulia wa bodi kulikuwa na bati la alumini lililopinda kidogo, limefungwa kwa skrubu mbili kwenye sakafu ya boksi, na juu yake rejuleta nne za 7805, vipande vinavyoshusha volti hadi 5. Nyaya mbili nene zilitoka kupitia tundu la hewa la nyuma na kuishia kwenye klipu za betri ya gari. Tatu kati ya rejuleta zilikuwa na nyaya nyekundu na nyeusi zenye viunganishi bapa vya kuchomeka, sawasawa na vile vya kiwandani. Ya nne ilikwenda kwenye draivu, pamoja na volti 12 zilizochukuliwa moja kwa moja kwenye betri.

Mtunza kumbukumbu aliandika kwenye fomu: “ufundi wa mitaani, uondolewe”. Bahati nzuri taasisi ilimwita karani mstaafu aliyewahi kuitumia mashine hiyo. Alipoingia akaamkiwa, akaitikia, akasogea mezani na kuweka kidole juu ya bati. Lilikuwa limekatwa kwenye mfuniko wa sufuria. Ukingo wake uliokunjwa bado ulionekana upande mmoja.

“Usikitupe hicho, mwanangu,” alimwambia mtunza kumbukumbu. “Umeme ulikuwa unakatika hata siku tatu, na samaki hawangoji.”

Alieleza kuwa walikuwa wanaipakia kwenye pikapu na kwenda nayo mwaloni, pamoja na televisheni ndogo ya nyeusi na nyeupe ya volti 12. Akaongeza kitu ambacho hakuna aliyemuuliza: ikiwa kwenye betri, mashine ilikuwa bubu. Maneno hayo yalithibitisha saketi kuliko picha yoyote. Pawasaplai ya kiwandani hutoa nyaya tatu za +5V, tatu za ardhi, na mmoja wa zambarau wa −5V. Huo wa −5V huhudumia sauti, kinasa kaseti na mlango wa mawasiliano wa RS423. Fundi wa zamani aliuacha, kwa kuwa kupima samaki hakukuhitaji mlio.

## Kazi na maamuzi

Umeme. Kanuni ya kwanza ilikuwa kutochomeka mashine ukutani “kuona kama inawaka”. Pawasaplai za umri huu zina kapasita za kuchuja kelele zilizokaa moja kwa moja kwenye umeme wa ukutani, nyingi zikiwa za karatasi yenye metali ndani ya gamba linaloangaza kama asali iliyoganda. Gamba hupasuka nyufa nyembamba kwa miaka, unyevu huingia, karatasi hufura, kisha siku moja kapasita hupasuka na kutoa moshi mzito unaonata kila mahali. Mwanza, ambako hewa ya ziwa haikauki, hakuna haja ya kujiuliza kama zimepasuka. Hapa zote mbili zilikuwa na nyufa zilizoonekana kwa tochi ikishikwa ubavuni.

Njia tatu ziliwekwa mezani. Ya kwanza ni kukarabati pawasaplai yenyewe. Ya pili ni kuacha kasha lake na kuweka ndani moduli ya kisasa. Ya tatu ni kuiacha kama ilivyo na kulisha bodi kwa pawasaplai ya nje. Fundi alitetea ya pili, na hoja yake ilikuwa nzito: umeme wa huku hupanda na kushuka, na moduli nyingi mpya huvumilia volti 100 hadi 240. Hata hivyo ya kwanza ndiyo iliyochaguliwa. Saketi ni ya upande mmoja, vipande vyake vinapatikana, na tatizo la umeme unaoyumba linaweza kutatuliwa nje ya boksi kwa kilinda-friji chenye kuchelewesha na UPS ndogo. Ukiweza kumaliza tatizo nje ya mashine, usilipeleke ndani.

Kabla ya kugusa, kapasita kubwa ya upande wa umeme ilitolewa chaji kupitia rizista ya kilo-om 10 ya wati 5, kisha ikapimwa kwa mita. Umeme wa volti 230 ukishanyooshwa hufika karibu volti 325, na chaji hiyo inaweza kukungoja muda mrefu baada ya plagi kutolewa. Kapasita ya mikrofaradi 0.1 ilibadilishwa kwa ya daraja la X2, volti 275 za AC, iliyotolewa kwenye pawasaplai mbovu ya kompyuta ya mezani, ile ya boksi la njano ambayo kila fundi anayo dazeni. Ya mikrofaradi 0.01 iliagizwa Dar es Salaam ikaja na basi. Usiweke hapo kapasita ya kawaida ya volti 400 za DC kwa sababu tu namba ni kubwa: daraja la X2 limetengenezwa likabiliane na mishtuko ya umeme wa ukutani na likiharibika lisiwashe moto. Kapasita ya mikrofaradi 220 inayosaidia saketi kuanza nayo ilibadilishwa, kwani ikikauka pawasaplai hutoa mlio wa kugonga-gonga na haianzi.

Jaribio lilifanywa bodi ikiwa haijaunganishwa. Balbu ya nyuzi ya wati 100 iliwekwa mfululizo na umeme, na kwenye +5V ikaunganishwa balbu ya breki ya gari ya wati 21 kama mzigo, maana pawasaplai ya aina hii haitulii bila mzigo. Ukitumia volti 5, balbu hiyo huvuta takriban ampea 1. Balbu ya wati 100 iliwaka kidogo ikafifia, dalili kwamba hakuna shoti. Mita ilisoma volti 5.04 na −5.1. Baada ya dakika 30 namba hazikusogea.

Saketi ya betri. Rejuleta zilijaribiwa nje ya bodi kwa betri ya volti 12. Mbili za bodi na ile ya draivu zilitoa volti 5. Moja ya bodi ilitoa volti 11.6: ilikuwa imekufa kwa kuungana ndani. Yeyote ambaye angechomeka viunganishi vile na kubana klipu kwenye betri angepeleka volti 11 kwenye chipu za volti 5, na zote zingekufa kabla hajaondoa mkono. Kwa hiyo haikuwezekana kuiacha tayari kutumika.

Haikuondolewa pia. Viunganishi vyake vilifunikwa kila kimoja kwa mrija wa plastiki unaobana kwa joto, klipu za betri zikakunjwa na kufungwa ndani, na lebo ya karatasi isiyo na tindikali ikafungwa kwa uzi: “Haifanyi kazi. Rejuleta ya pili kutoka kushoto ina shoti. Usiunganishe.” Rejuleta mbovu haikubadilishwa. Ukiibadilisha utakuwa na saketi inayofanya kazi na kumbukumbu iliyopotea ya kwa nini iliachwa.

Bodi. Mashine nzima ikiwashwa hutoa milio miwili, mmoja mzito na mwingine mfupi wa juu. Hii ilitoa mzito tu, ukaendelea bila kukoma, skrini ikiwa tupu. Maana yake prosesa haijafika pale inapozima sauti, na mara nyingi chanzo ni chipu isiyogusana vizuri na soketi yake. ROM zote tano, kuanzia IC51 yenye mfumo hadi IC101, zilikuwa na miguu myeusi kama fedha iliyoachwa kabatini.

Hapa lilitokea kosa la kwanza la timu. ROM ya BASIC, lugha ya programu ya mashine hii, ilinyanyuliwa kwa bisibisi upande mmoja, na mguu wa 14, wa kona, ukakatika palipoungana na mwili. Miguu iliyoliwa haina ujasiri wa kupindwa hata mara moja. Kibaya zaidi, yaliyomo kwenye ROM hiyo yalikuwa bado hayajanakiliwa. Ukarabati ulichukua saa tatu: plastiki ya chipu ilikwanguliwa kwa wembe hadi chuma kikaonekana upana wa nusu milimita, waya mwembamba ukachomelewa hapo kwa sekunde zisizozidi mbili, kisha chipu ikakalishwa juu ya soketi ya ziada yenye matundu ya mviringo ili isinyanyuliwe tena yenyewe. Chipu nne zilizobaki zilinyanyuliwa milimita moja kila upande kwa zamu, miguu ikasafishwa kwa kifutio cha penseli na alkoholi ya isopropili, na kila moja ikanakiliwa kwa kisomaji cha ROM kabla ya kurudishwa.

Mashine ikaitika kwa milio yote miwili. Draivu ikiwa imetenganishwa, mashine ilivuta ampea 2.7 kwenye +5V.

Picha. Hapa pendekezo la Raspberry Pi lilipata mahali pake. Mlango wa RGB wa nyuma wenye pini sita hutoa rangi, ulinganifu wa picha na hata +5V. Kibadilishi cha RGBtoHDMI, ambacho moyo wake ni Raspberry Pi Zero, huchomekwa hapo na kutoa picha safi kwenye televisheni bapa, bila tundu jipya wala waya uliochomelewa. Wapo waliopendekeza kisanduku cha antena cha nyuma kitolewe kwa kuwa hakina kazi. Kilibaki. Televisheni ya nyeusi na nyeupe iliyokwenda mwaloni haikuwa na mlango mwingine zaidi ya wa antena, kwa hiyo kisanduku hicho na bati la sufuria ni vipande viwili vya kazi moja.

Plastiki. Boksi limegeuka rangi ya chai ya maziwa. Kulipausha kwa peroksaidi na jua kulikataliwa: wino wa namba ya mali ungeondoka, na rangi hurudi.

Flopi. Hapa ndipo kosa la pili, na hili linauma zaidi. Flopi ya kwanza iliingizwa kwenye draivu bila kukaguliwa, kwa furaha ya kuona mashine imewaka. Ulisikika mkwaruzo mkali kama wa kisu kwenye sahani. Ilipotolewa, dirisha lake la mviringo lilionyesha duara jembamba linalopenya mwanga, pale ambapo tabaka la sumaku lilikwanguliwa. Ukungu ulikuwa umegandisha vumbi kwenye uso wa flopi, na kichwa cha kusomea kikaukokota mzunguko baada ya mzunguko.

Draivu huanza kusoma traki 0, na kwenye mfumo wa flopi wa Acorn orodha ya mafaili imo kwenye sekta 0 na 1 za traki hiyo. Duara liliangukia hapo hapo. Flopi ikabaki na data zake lakini haina faharasa.

Kazi ilisimamishwa siku mbili, na utaratibu ukaandikwa upya. Kila flopi ilizungushwa kwa mkono kupitia tundu la katikati, tochi ikimulika dirishani kwa ubavu. Zilizokuwa safi zilikuwa tano. Nane zenye madoa meupe zilikatwa ukingo mmoja wa jaketi kwa wembe, sahani ikatolewa kwa glavu, ikaoshwa kwa maji yaliyosafishwa yenye tone la sabuni ya maji, ikasuuzwa na kuachwa ikauke saa 24 juu ya kitambaa kisicho na nyuzi, kisha ikaingizwa kwenye jaketi la flopi tupu. Jaketi la asili lenye maandishi ya mkono lilihifadhiwa kwa namba ile ile. Kichwa cha draivu kilisafishwa kila baada ya flopi moja kwa isopropili ya asilimia 99. Spiriti ya rangi ya dukani huacha mabaki, isitumike.

Usomaji haukufanywa na BBC Micro. Draivu iliunganishwa na Greaseweazle, kifaa cha kunakili flopi, kwenye kompyuta ndogo ya kisasa, ikapewa umeme na pawasaplai nyingine, na kila traki ikasomwa mizunguko mitano ikihifadhiwa kama mapigo ya sumaku yenyewe. Faida yake ni kwamba sekta isiyosomeka leo inaweza kuchambuliwa tena baadaye bila kuizungusha flopi. Flopi ya traki 40 ina sekta 10 kwa traki, baiti 256 kwa sekta, jumla baiti 102,400. Ukipata pungufu, kuna kitu hakijasomwa.

Mafaili yalipofunguliwa kwenye kompyuta ya kisasa, mwalimu alidhani yameharibika. Katikati ya alama zisizoeleweka yalikuwepo maneno kama ARAGNAS, OTAS na URUF, yakijirudia mamia ya mara. Kila neno lilitanguliwa na baiti mbili: 00, kisha idadi ya herufi. Ndivyo BASIC ya BBC Micro inavyoandika maneno kwenye faili kwa amri ya PRINT#: herufi hupangwa kuanzia ya mwisho. Yasome kinyume: SANGARA, SATO, FURU. Uzito wenye desimali ulianza na FF ukifuatwa na baiti tano, namba nzima zilianza na 40 zikifuatwa na baiti nne. Nakala ya flopi ilipowekwa kwenye kiigizaji cha draivu cha Gotek, nje ya boksi, na kusomwa na mashine yenyewe kwa INPUT#, orodha ilitoka imenyooka.

## Matokeo

Flopi 11 zilisomwa zote. Mbili zina traki kadhaa zisizosomeka. Ile ya kwanza iliokolewa kwa sehemu kubwa, kwa kuwa mfumo wa Acorn huweka kila faili kwenye sekta zinazofuatana bila kuruka; mwanzo na mwisho wa kila faili ulitafutwa kwa macho ndani ya sekta 400. Majina ya mafaili ndiyo yaliyopotea, na pamoja nayo, inavyoelekea, tarehe ambazo karani alikuwa anaziweka kwenye majina.

Mashine inawaka mbele ya wanafunzi mara moja kwa wiki, dakika 40, ikiwa nyuma ya kilinda-friji. Draivu ya asili haitumiki kwenye maonyesho, Gotek ndiyo inayofanya kazi hiyo. Kapasita zilizotolewa, karatasi ya sigara na mguu uliokatika vimo kwenye mifuko midogo yenye tarehe, ndani ya boksi la flopi.

## Uchambuzi

Mgogoro wa “asili” dhidi ya “kubadilisha” ulianza kupoa pale timu ilipoacha kuuliza mashine ilitoka vipi kiwandani na kuanza kuuliza maswali mawili kwa kila kipande: je, tendo hili linaweza kurudishwa nyuma, na je, kipande hiki kinasema jambo ambalo halijaandikwa kwingine? Kapasita ya kuchuja kelele haisemi lolote na ni hatari, kwa hiyo ilitoka bila majuto. Bati la sufuria linasema mengi, nalo lilibaki ingawa halikutoka Cambridge.

Inafaa kumtazama vizuri fundi yule wa miaka ya 1980. Hakukata njia hata moja ya bodi. Hakuchomelea kitu kwenye pawasaplai. Alitafuta viunganishi vinavyolingana na vya kiwandani ili mtu avue seti moja na kuvisha nyingine kwa dakika mbili, na akapitisha nyaya kwenye tundu la hewa lililokuwepo. Alama pekee alizoacha ni matundu mawili ya skrubu chini ya boksi. Mapendekezo mawili kati ya matatu yaliyoletwa mezani mwanzoni yangeharibu zaidi ya alivyoharibu yeye.

Udhaifu wa saketi yake ulikuwa joto. Kushusha volti 13 hadi 5 kwa ampea 2.7 hugeuza karibu wati 22 kuwa moto, ndani ya boksi la plastiki, juu ya bati dogo. Hakuwa na njia bora kwa vipande alivyokuwa navyo. Anayetaka leo kuendesha mashine hii kwa betri au sola atumie kibadilishi cha kukata-kata cha volti 12 kwenda 5, ampea 5, nje ya boksi, kwa viunganishi bapa vile vile, na asisahau −5V kama anataka sauti.

Uamuzi wa kukarabati pawasaplai ulifaulu, lakini usichukuliwe kuwa jibu la kila mahali. Ulifaulu kwa sababu mkarabati aliizoea saketi ya volti 325 na alikuwa na mzigo wa kujaribia. Kwa asiyejua upande huo, pawasaplai ya nje ndiyo hifadhi bora, na ile ya asili ikae kwenye rafu na nyufa zake.

Makosa mawili yana mzizi mmoja: mpangilio. ROM ilinyanyuliwa kabla ya kuwa na njia ya kuinakili, ingawa kisomaji kilikuwa njiani, na flopi iliingizwa kabla ya kumulikwa. Mashine ingeweza kungoja wiki nyingine. Flopi zilikuwa zimengoja zaidi ya miaka 30. Mguu wa chipu ulirekebishika. Duara la flopi ya kwanza halirekebishiki, na ndiyo flopi pekee ambayo karani aliiandikia “mwanzo” kwenye jaketi.

Kupinga Raspberry Pi ndani ya boksi kulionekana ukaidi mpaka siku ya ARAGNAS. Programu ya kuigiza BBC Micro ndani ya Pi ingeweza kuendesha BASIC ile ile, ni kweli. Lakini bila mashine iliyowaka mezani, faili lile lingeandikwa “limeharibika” na kufungwa, kwa kuwa hakuna aliyekuwa na sababu ya kulishuku vinginevyo.

Traki zisizosomeka kwenye flopi mbili bado zinachambuliwa kutoka kwenye mapigo yaliyohifadhiwa. Flopi zenyewe zimo kwenye chombo kinachofungwa kwa mpira, pamoja na pakiti za silika zinazobadilishwa kila zikigeuka rangi, na hazitaingizwa tena kwenye draivu. Karani mstaafu ameombwa arudi na daftari lake la mwaloni, kama bado analo, ili tarehe zilinganishwe.